Ngozi Haiuzwi Dukani: Urembo na Hatari Zake Mjini Isiolo

Lugha yetu ya Kiswahili ina desturi ya kusema kweli hata pale wasemaji wake wanapotaka kuificha. Mwanamke anayejipaka dawa ya kuuondoa weusi wake husema kuwa anajitengeneza, au kwamba amepata mafuta mazuri. Lakini akiwapa kisogo jirani zake, wao husema neno moja tu: "Anajichubua." Na kuchubua, ndugu msomaji, si kupamba. Mtoto aangukaye kwenye changarawe huchubuka goti. Punda afungwaye mzigo vibaya huchubuka mgongo. Basi aliyelitia neno hilo katika lugha, ambaye hatumjui, alikwisha kutoa hukumu yake kabla ya daktari yeyote kufungua kinywa. Na kile kipakwacho tukakiita mkorogo, yaani kitu kilichokorogwa tu, ambacho hata mwenye kukikoroga hawezi kukutajia kilichomo.

Nimeyaanza mazungumzo haya kwa maneno kwa sababu jambo lenyewe ni la majina. Yako maradhi ya ngozi yenye majina yake na dawa zake. Yako mapambo ya asili ambayo bibi zetu waliyajua tangu jani lilipochumwa mpaka lilipopakwa. Na viko vikopo visivyo na jina la haki, vinavyoahidi yote kwa wiki mbili. Ajuaye kuyatenga matatu hayo atasalimika. Asiyejua atanunua ugonjwa kwa fedha zake mwenyewe. Na mahali pazuri pa kuyatazama yote matatu kwa pamoja ni Isiolo.

MJI WENYE NGOZI NYINGI

Isiolo ni lango la kaskazini ya Kenya. Mtu atokaye Nairobi kwa njia ya Nanyuki huteremka kutoka katika baridi ya Mlima Kenya, na baada ya muda mfupi hewa hubadilika: kijani kibichi huisha, miti ya miiba huanza, na jua humpokea mgeni usoni bila kupiga hodi. Mji uko karibu kabisa na mstari wa ikweta, na upepo wake huchukua vumbi la nyika. Jua hilo, vumbi hilo na ukavu huo ndio chanzo cha taabu nyingi za ngozi za watu wa huko: midomo kupasuka, visigino kuchanika, mashavu kuingia mabaka na mwili kuwasha jioni.

Ni mji wa watu wengi. Waborana, Wasomali, Wasamburu, Waturkana na Wameru hukutana katika soko lake. Wasomali wengi wa kwanza kufanya maskani hapo walikuwa askari wa zamani wa jeshi la Mwingereza, waliopewa makao baada ya Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia. Na kila jamii ilikuja na ujuzi wake wa kuutunza mwili.

Mwanamke wa Kiborana aliijua siagi, akaipaka nywele na ngozi isikauke. Msamburu na Mturkana waliujua udongo mwekundu uliochanganywa na mafuta ya mnyama. Wako waliowacheka kwa udongo huo, lakini kicheko hicho hakina msingi tena. Wekundu wa udongo ule ni oksidi ya chuma, na oksidi ya chuma ndiyo itiwayo leo katika baadhi ya mafuta ya kujikinga na jua yauzwayo katika maduka ya dawa kwa bei kubwa. Mwanamke wa Kisomali naye alikuja na qasil, unga wa kijani wa majani makavu ya mti waitao gob. Huuchanganya na maji, akajipaka usoni, akaosha nao nywele, kwani majani hayo hutoa povu kama sabuni.

Mti huo si mgeni kwetu watu wa pwani. Ndio mkunazi. Tuliosoma chuoni tukiwa wadogo tulifunzwa kuwa majani yake hutiwa katika maji ya kumwoshea maiti. Kumbe huko Isiolo jani hilo hilo huoshewa uso wa bibi harusi. Wetu wa pwani nao wana liwa, wana dalia, wana singo ya maua na viungo vilivyosagwa, ambayo mwari husuguliwa nayo siku kadhaa kabla ya arusi mpaka mwili ukalainika na kunukia.

Yatazame mambo hayo yote, msomaji, utaona kitu kimoja. Siagi, udongo, qasil, liwa na singo ni vya kulainisha, kusafisha, kukinga na kutia harufu. Kazi yake ni kuitunza ngozi aliyozaliwa nayo mtu, wala havikukusudiwa kumpa nyingine.

Hata hivyo sisemi kwamba kila cha kale ni salama, wala kwamba kila kiitwacho cha kale ndicho chenyewe. Hina safi ya majani hutoa rangi nyekundu au ya kahawia, nayo huchukua saa kadhaa kukolea. Ukiona "hina nyeusi" inayokolea kwa dakika chache, hiyo ni piko, na piko ni rangi ya nywele. Ndani yake mara nyingi mna kemikali iitwayo kwa ufupi PPD, ambayo huweza kuivimbisha ngozi ikafanya malengelenge na kuacha kovu lenye umbo lile lile la ua lililochorwa. Aliyedhurika nayo mara moja anaweza kudhurika tena siku atakapopaka nywele rangi. Wanja nao, hasa ule wa jiwe, mara nyingi huwa na madini ya risasi, na risasi huharibu akili ya mtoto inapokua. Kumtia mtoto mchanga wanja machoni ili apendeze ni desturi ya wengi, bara na pwani, lakini ni desturi inayofaa kuachwa. Na unga wa qasil ukiuzwa umekwisha kusagwa, mnunuzi hana njia ya kujua kama ni majani matupu. Heri anunue kwa mtu amjuaye, au anunue majani asage mwenyewe.

MAZUNGUMZO KIBANDANI

Sasa tuingie sokoni. Katika vibanda vya Isiolo, kama ilivyo Mombasa na Nairobi, utaviona vikopo vimepangwa kwa rangi. Vingine vina maandishi ya lugha ambazo muuzaji hazisomi. Vingine ni vikopo vitupu vya plastiki, vimejazwa hapo hapo kutoka kwenye ndoo. Nilimwuliza mama mmoja mwenye kibanda:

"Hii ni ya nini, mama?"

"Ni ya uso, mzee. Wiki mbili tu, mtu anang'aa."

"Na ndani yake mna nini?"

"Mna dawa."

"Dawa gani?"

Akacheka, akanitazama kalamu mfukoni. "Mzee, wewe unataka kununua ama unataka kuandika?"

Simlaumu mama huyo. Anatafuta riziki, na alivyouziwa ndivyo anavyouza. Lakini jibu lake ndilo msiba wenyewe. Kitu kinachoweza kubadili rangi ya binadamu kwa siku kumi na nne kina nguvu kubwa, na kitu chenye nguvu kubwa hakifai kuingia mwilini mwa mtu bila kutajwa jina.

Tuyataje basi sisi. Rangi ya ngozi hutokana na kitu kiitwacho melanini, ambacho hutengenezwa na chembe maalumu zilizoko ndani ya ngozi. Melanini ndiyo mwavuli wa mwili: huyazuia makali ya jua yasifike ndani. Dawa za kujichubua hufanya kazi ya kuzizuia chembe hizo, au kuziua kabisa. Na zinazotumika sana ni tatu: zebaki, haidrokwinoni na steroidi.

ZEBAKI NA FIGO ZA WATU WA NAIROBI

Zebaki ni ile madini ya majimaji yang'aayo iliyokuwa ikitiwa katika vipimajoto. Chumvi zake zilitiwa katika sabuni na krimu za kung'arisha ngozi kwa miaka mingi. Ubaya wake ni kuwa haikai juu ya ngozi. Hupenya, ikaingia katika damu, ikafika kwenye figo.

Wakenya hatuna haja ya kwenda mbali kutafuta ushahidi. Mnamo mwaka 1972 madaktari wa Hospitali Kuu ya Kenyatta, Nairobi, waliandika katika jarida la matabibu wa Uingereza habari za wagonjwa 60 waliokuwa na ugonjwa wa figo ule unaomvimbisha mtu uso na miguu, kwa kuwa protini ya mwili hupotelea katika mkojo. Walipowauliza, waliona kuwa 32 kati yao, yaani zaidi ya nusu, walikuwa wakitumia krimu za kung'arisha ngozi zenye zebaki. Miaka zaidi ya 50 imepita tangu habari hiyo kuchapishwa, na bado krimu za namna hiyo zapatikana.

Na tazama jinsi biashara ilivyokwenda. Marekani ilizuia zebaki katika vipodozi mwaka 1973. Nchi za Jumuiya ya Ulaya ziliwakinga watu wao kwa sheria ya mwaka 1976. Lakini ilikuwa ni mpaka mwaka 2003 ndipo Ulaya ilipopiga marufuku kusafirishwa nje kwa sabuni za urembo zenye zebaki. Katika miaka 27 iliyo katikati, kisichofaa kwa ngozi ya mtu wa kule kiliweza kutengenezwa huko na kuletwa kwetu, na wanunuzi wakubwa walikuwa watu wa Afrika.

Leo uko mkataba wa dunia uitwao Mkataba wa Minamata, kwa jina la mji wa Japani ambao watu wake walidhurika kwa zebaki iliyotupwa baharini na kiwanda. Ulianza kutumika mwaka 2017, nao uliweka kikomo cha miligramu 1 ya zebaki kwa kilo 1 ya kipodozi. Mwaka 2023 nchi wanachama zilikutana Geneva zikakiondoa hata kikomo hicho, zikaamua kuwa mwisho wa kila kipodozi kilichotiwa zebaki uwe mwaka 2025. Sheria ni njema. Lakini sheria haiingii chumbani mwa mtu kumshika mkono anapojipaka.

Tena zebaki haimdhuru aliyejipaka peke yake. Hubaki kwenye taulo na mto wa kulalia, na huweza kumfikia mtoto aliye tumboni na anayenyonya. Mama asiyependa mwanawe aguse sumu ya panya humlaza kwenye shavu lenye zebaki, naye hajui.

HAIDROKWINONI NA GLAVU ZA KIWANDANI

Habari ya pili ina asili ya ajabu, na watu wa Isiolo, ambao riziki yao kubwa ni mifugo, wataielewa upesi. Katika miaka ya 1930 huko Marekani, wafanyakazi weusi wa kiwanda cha kutengeneza ngozi za wanyama walianza kuona mikono yao ikitoka rangi. Waganga walipochunguza wakaona kuwa sababu ni kemikali iliyotiwa katika glavu za mpira walizopewa kazini. Kemikali hiyo ni ya ukoo mmoja na haidrokwinoni, ambayo pia hutumika katika kusafisha picha za filamu. Badala ya watu kushtuka, wako walioiona biashara: kinachomtoa mtu rangi bila ya kutaka, na kiuzwe kwa anayetaka.

Haidrokwinoni si sumu ya kumlaza mtu mara moja. Daktari wa ngozi huweza kumwandikia mgonjwa kwa kipimo kidogo na kwa muda maalumu, kuondoa mabaka ya uso, naye akimtazama. Lakini ikipakwa miaka na miaka, kwa kipimo kisichojulikana, chini ya jua kama la Isiolo, hugeuka. Mwaka 1975 madaktari wa Afrika Kusini walieleza habari ya wanawake ambao ngozi yao, baada ya kung'aa kwanza, iliingia madoa ya samawati na weusi mzito, ikawa na vipele vigumu. Madoa hayo hayatoki kwa urahisi, na mengine hayatoki kamwe. Yaani aliyeukimbia weusi wake wa kuzaliwa alipewa mwingine, ulio mbaya. Afrika Kusini ikaipiga marufuku haidrokwinoni katika vipodozi mwaka 1990.

Hapa kwetu, mwaka 1998 serikali ilikataza kuuzwa kwa vipodozi vyenye zebaki, haidrokwinoni na dawa za homoni, na Shirika la Kukadiria Ubora wa Bidhaa, KEBS, likatangaza majina ya vitu vilivyokatazwa. Tangu hapo mara kwa mara shehena hukamatwa na kuchomwa moto. Lakini mpaka ni mrefu, na kikopo ni kidogo.

STEROIDI: RAFIKI WA SIKU SABA

Ya tatu ndiyo inayowanasa wengi, kwa kuwa inatoka katika duka la dawa na inafanana na dawa. Nayo ni dawa kweli. Mirija midogo yenye maneno kama clobetasol au betamethasone ni steroidi, na mikononi mwa daktari huponya pumu ya ngozi na maradhi mengine ya uvimbe. Ni zenye nguvu, na kwa hiyo zilikusudiwa ziandikwe na tabibu kwa siku chache, kwa mahali padogo.

Lakini mtu huipaka uso mzima, kila siku, mwaka mzima. Kwanza uso hung'aa na chunusi hutulia, na hapo ndipo mtego unapofyatuka. Baada ya hapo ngozi huwa nyembamba kama karatasi ya sigara, mishipa ya damu ikaonekana, michirizi ikatokea mapajani na mabegani, nywele zikaota kidevuni, na kidonda kidogo kikakataa kupona. Akipaka eneo kubwa la mwili, dawa huingia kwenye damu, ikaweza kupandisha shinikizo la damu na sukari. Akiacha ghafula, uso huwaka moto na kujaa vipele, naye hudhani kuwa ugonjwa umerudi, hukimbilia mrija ule ule. Aliyefika hapo asiache kwa pupa. Aende kwa daktari amwondoe taratibu, wala asione haya.

WENGI HUANZA NA DOA

Tuna mazoea ya kuwacheka wanaojichubua, tukidhani kuwa wote waliamka siku moja wakataka kuwa wazungu. Si hivyo. Wengi huanza na doa. Msichana ametokwa na chunusi, amezitumbua, zimeacha alama nyeusi. Mama amejifungua na mabaka ya mimba yamebaki mashavuni. Mchungaji ana choa shingoni. Anakwenda kwa muuzaji kutafuta dawa ya doa, anapewa dawa ya weupe. Doa likififia na pembeni kukang'aa, hupaka uso wote ulingane, na uso ukisha kulingana, shingo huonekana nyeusi.

Kwa hiyo kinga ya kwanza si mahubiri. Ni kuujua ugonjwa kwa jina lake, kwani kila mmoja una njia yake.

Choa ni ukungu. Huja kama duara lenye ukingo unaowasha, na hutibiwa kwa dawa ya ukungu, ipakwe hata baada ya duara kutoweka mpaka muda wake utimie. Steroidi juu ya choa ni sawa na kumfunika mwizi blanketi: muwasho hutulia, choa husambaa. Upele nao ni kidudu. Huwasha zaidi usiku, hasa katikati ya vidole na kiunoni, na hauponi akitibiwa mtu mmoja. Hutibiwa nyumba nzima siku moja, na nguo na matandiko yafuliwe. Chunusi hutaka subira ya miezi miwili mitatu, uso uoshwe polepole, zisitumbuliwe, na zikizidi mtu amwone mganga wa hospitali. Mabaka ya mimba mengine hufifia yenyewe baada ya uzazi, na dawa yake kubwa ni kujikinga na jua, kwani jua ndilo huyachochea. Mbalanga, ule unaotoa mabaka meupe, hauambukizi wala si laana. Lakini baka lililopauka lisilohisi ukiligusa halitaki kipodozi chochote. Mwenye nalo na aende hospitali upesi, kwani huenda ikawa ni ukoma, na ukoma leo hutibika ukiwahiwa.

Na ukavu, ambao ndio ugonjwa wa watu wote wa kaskazini, hauhitaji miujiza. Maji ya uvuguvugu badala ya ya moto, sabuni isiyo kali, na mafuta mazito ya mgando yapakwe mara tu baada ya kuoga, mwili ungali na unyevu. Mtu wa mapato ya chini aweza kufanya hivyo kila siku, na ngozi yake ikawa nzuri kuliko ya mwenye vikopo kumi.

Kwa wenzetu wenye ualbino, mafuta ya kujikinga na jua si urembo hata kidogo. Ni uhai, kwani mwili wao haukupewa mwavuli ule wa melanini, na saratani ya ngozi huwaanza mapema. Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu limekuwa na mpango wa kuwapatia mafuta hayo bila malipo, na mzazi mwenye mtoto wa namna hiyo na aulize afisini au hospitalini. Angalia kinyume chake, msomaji: mmoja anaililia melanini aliyonyimwa, mwingine ananunua sumu ya kuiua aliyopewa.

MASWALI MATATU KABLA YA KUTOA FEDHA

Sasa, mtu asimame mbele ya kibanda na kumwuliza muuzaji, au kujiuliza mwenyewe, maswali matatu.

La kwanza: kina jina? Kikopo cha haki huandikwa aliyekitengeneza, mahali, tarehe ya mwisho wa kutumika na orodha ya vilivyomo. Ukiona neno hydroquinone, mercury, calomel, clobetasol au betamethasone, kirudishe. Ukiona hakuna orodha, kirudishe upesi zaidi. Na kilichopakuliwa kutoka kwenye ndoo hakina hata haja ya kushikwa.

La pili: kinaahidi nini? Kinachosema kitalainisha au kitakinga huenda kikawa kweli. Kinachosema kitakubadili rangi kwa siku chache, ama ni uongo, ama ni kweli, na kikiwa kweli ndiyo hatari zaidi.

La tatu: nikidhurika nitamwona nani? Mfamasia aliyesajiliwa na Bodi ya Dawa na Sumu ana duka na ana jina. Mganga wa hospitali ya serikali pale Isiolo ana daftari. Anayeuza kutoka kwenye begi ana miguu tu.

Na hata kilicho kizuri, kijaribiwe kwanza. Paka kidogo upande wa ndani wa mkono, ungoje siku mbili. Kikiwasha au kikiunguza, umepoteza kidole kimoja cha mafuta, hukupoteza uso. Hayo yahusu liwa, qasil na singo pia, kwani mwili wa mtu haujui kama kitu ni cha asili au cha kiwandani.

NENO KWA MASOMO NA MASHANGAZI

Limebaki jambo moja, nalo si la hospitali. Ni la sisi wenyewe.

Kwetu pwani mwanamke husifiwa kuwa ni mweupe, au kwa hisani kuwa ni maji ya kunde. Mweusi huambiwa ni mzuri "ingawa". Bara nako na kaskazini nako hali ni hiyo hiyo. Neno hilo "ingawa" limeuza vikopo vingi kuliko tangazo lolote. Binti wa Isiolo atakayeolewa mwezi ujao hasikii tangazo. Humsikia shangazi akisema, "Mwanangu, jitengeneze kidogo, watu watakuja." Siku ya arusi hung'aa kweli, picha zikapigwa, na vigelegele vikalia. Mwaka unaofuata, wageni wamekwenda zao, yumo ndani na ujauzito, na figo zake, na uso usiostahimili jua la kuchotea maji. Hapana katika waliompigia vigelegele atakayemgawia ngozi.

Niliwahi kuyatia hayo katika ubeti mmoja, nao ni huu:

Nguo yako ya kuanza, hukununua dukani,
Mama ndiye alofunza, kuiosha utotoni,
Wataka kuipunguza, kwa kopo la mafichoni,
Ikichanika waweza, kununua ya sokoni?

Maneno yangu ya mwisho nayapeleka kwa wale wenye sauti katika nyumba: masomo na makungwi wa pwani, mashangazi na mabibi wa Isiolo. Bibi harusi hamsikii daktari siku zile, huwasikia ninyi. Mwosheni kwa mkunazi, mpakeni hina safi, msuguseni singo, mfukizeni udi mpaka mtaa mzima ujue kuna arusi. Na mtu akileta kikopo cha wiki mbili, mwulizeni mbele ya wote kilichomo ndani. Kikopo kisichoweza kutajwa mbele ya mama wa bibi harusi kisifike kwenye uso wa bintiye.